Maji Yanayopotea Chooni



Mama anayebeba ndoo ya maji kichwani hamwagi maji ovyo. Maji aliyooshea mboga anamwagilia mchicha. Maji aliyofulia nguo anaoshea choo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Shingo yake imemfundisha.

Siku moja mama huyu anakwenda kumwona mtoto wake katika shule ya bweni. Au anakwenda kumwuguza ndugu yake hospitalini. Anaonyeshwa choo cha ndani. Anakwenda haja ndogo, kisha anavuta mnyororo. Maji yanashuka kwa kishindo. Ni lita 9, karibu nusu ndoo. Mama anasimama na kufikiri: "Nusu ndoo! Kwa haja ndogo tu!"

Mama huyu ana haki ya kushangaa. Katika somo hili tutajifunza jinsi maji yanavyopotea katika vyoo na mabafu ya majengo makubwa. Tutajifunza kuyapima. Tutajifunza kuyaokoa bila kuharibu afya.

1. MAJENGO MAKUBWA NA MAJI YAKE

Hanga ni mahali penye majengo makubwa. Zamani Hanga ilihesabiwa katika Wilaya ya Songea. Siku hizi iko katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Hapo ipo abasia ya watawa Wabenediktini, iliyoanza katika miaka ya 1950. Mahali kama hapo watu wengi hukaa pamoja. Wapo wanaosali, wanaosoma, wanaofanya kazi, na wageni wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Wote wanakunywa, wanaoga na wanakwenda choo.

Watawa Wabenediktini wana kanuni ya zamani sana. Iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo inataka monasteri ijengwe mahali ambapo mahitaji yanapatikana ndani yake. Maji ni kitu cha kwanza kutajwa. Kanuni hiyo pia inamwagiza mtunza mali avitunze vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Basi hata koki ya choo ni chombo cha kutunzwa.

Lakini jambo hili si la watawa peke yao. Shule za bweni, vyuo, hospitali, magereza na kambi zote zina vyoo vingi. Katika nyumba ya kijijini, koki ikivuja mwenye nyumba huona siku ile ile. Katika jengo kubwa kila mtu hupita akisema, "Mwenyewe ataona." Na mwenyewe hayupo. Mali ya wote huachwa kama mali ya hakuna mtu.

2. HAKI YA MAJI

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi karibu na nyumba yake, si mbali zaidi ya meta 400. Kazi kubwa ilifanyika, lakini lengo halikutimia lote. Mabomba mengi yaliharibika kwa sababu ya kukosa matunzo.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilishika umbali ule ule wa meta 400. Ilisema pia kwamba mtu wa kijijini apate angalau lita 25 za maji kwa siku. Mwaka 2019 uliundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Vijijini vipo pia vyombo vya watumia maji, ambavyo wanachama wake ni wanakijiji wenyewe.

Shika moyoni hesabu hii: mtu mmoja, siku moja, lita 25. Tutairudia hapa chini.

3. MFANO WA BWENI LA WASICHANA

Sasa tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kufundishia, si habari ya shule fulani. Lakini wengi wenu mtaona kwamba mmekwisha kuishi karibu na mfano huu.

Kuna shule ya bweni mlimani. Kuna kijiji bondeni. Chemchemi ni moja, juu mlimani. Maji yanashuka yenyewe kwa bomba la mserereko, bila pampu. Yanafika kwanza katika tangi la shule. Yanayobaki yanateremka hadi bomba la kijiji.

Wakati wa masika hakuna tatizo. Lakini kuanzia mwezi wa tisa hadi mvua zianze, chemchemi inapungua. Kufika saa nne asubuhi bomba la kijiji linatoa hewa tu. Akina mama wanaamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Wanaokosa wanakwenda mtoni. Watoto wa kike wanafuatana nao, na asubuhi wanasinzia darasani.

Maneno yakaanza kijijini. "Shule inatunyima maji." Vijana wawili wakasema watakwenda kulikata bomba la shule. Mwenyekiti wa kijiji akawazuia. Akamchukua bibi mmoja mzee, mwanakamati wa maji, wakapanda mlimani kuzungumza.

4. MAZUNGUMZO SHULENI

Walipofika walimkuta Mkuu wa Shule pamoja na mama mlezi wa bweni.

MWENYEKITI: Mwalimu Mkuu, tumekuja kwa amani. Kijiji hakina maji.

MKUU WA SHULE: Karibuni, ndugu zangu. Hata sisi tuna shida. Wasichana 120 wako bwenini. Tangi letu linakauka kabla ya jioni. Nimeamua kuanzia kesho kufunga vyoo vya ndani. Vitafunguliwa asubuhi na jioni tu.

BIBI: Mwanangu, samahani. Ukifunga choo, umelifunga na tumbo?

MAMA MLEZI: Bibi amesema kweli. Mwalimu, wasichana watakwenda vichakani. Hapo tutaleta maradhi. Tena wako walio katika siku zao. Hao wanahitaji maji na faragha kuliko wote.

MKUU WA SHULE: Sasa nifanye nini? Watoto wanatumia maji mengi mno.

BIBI: Umeyapima?

MKUU WA SHULE: Kuyapima?

BIBI: Mimi nyumbani najua ndoo zangu. Ninyi mnasema watoto wanatumia mengi. Labda ni kweli. Lakini usiku nikilala karibu na jengo hili nasikia maji yanatiririka. Watoto wamelala. Nani anayeyatumia?

Watu wote wakanyamaza. Kisha mama mlezi akasema, "Hata mimi nayasikia kila usiku. Nimezoea sauti ile kama sauti ya mvua."

Wakakubaliana kupima usiku ule ule. Wakamwita fundi bomba.

5. KUPIMA USIKU

Fundi alifanya hivi. Jioni alijaza ndoo kadhaa na kuziweka chooni, ili msichana atakayeamka usiku atumie maji ya ndoo, asivute choo. Saa nne usiku alifunga koki inayoingiza maji katika tangi la shule. Sasa hakuna maji yanayoingia. Kama maji yatapungua, basi yanatoka mahali.

Kisha alichukua ufito mkavu, ulionyooka. Aliutumbukiza hadi chini ya tangi, akautoa. Sehemu iliyolowa ilikuwa sentimeta 140.

Saa kumi usiku, kabla wasichana hawajaamka, alipima tena kwa ufito mkavu. Sehemu iliyolowa ilikuwa sentimeta 110.

Muda uliopita ni saa 6. Maji yamepungua sentimeta 30. Hakuna aliyevuta choo. Hakuna aliyeoga.

Je, hizo ni lita ngapi? Tangi lile ni la mraba. Urefu wake ni meta 2, na upana wake ni meta 2. Katika tangi la namna hiyo, kila sentimeta moja ya kina ni lita 40. Basi:

Sentimeta 30 × lita 40 = lita 1,200 kwa saa 6.
Lita 1,200 ÷ 6 = lita 200 kwa saa moja.
Lita 200 × saa 24 = lita 4,800 kwa siku.

Ndoo kubwa ni lita 20. Lita 4,800 ÷ 20 = ndoo 240.

Ndoo 240 kila siku! Na mvujo haulali. Siku ya Jumapili unaendelea. Wakati wa likizo unaendelea.

Sasa kumbuka ile hesabu ya lita 25 kwa mtu. Lita 4,800 ÷ 25 = watu 192. Maji yaliyopotea yangetosha watu 192.

Tuangalie na matumizi ya wasichana. Tuseme kila msichana anavuta choo mara 3 kwa siku, na kila mara maji ni lita 9:

Wasichana 120 × mara 3 × lita 9 = lita 3,240 kwa siku.

Linganisha: vyooni wasichana wametumia lita 3,240, lakini mvujo umekula lita 4,800. Maji yaliyopotea ni mengi kuliko yaliyotumika! Mkuu wa Shule alitaka kuwafungia watoto choo, kumbe mwizi alikuwa koki mbovu.

6. KUMTAFUTA MWIZI

Asubuhi fundi aliingia bwenini. Palikuwa na vyoo 8, na kila kimoja kina tangi lake dogo juu. Ili kujua tangi gani linavuja, alitumia bluu ya kufulia nguo. Aliikoroga ndani ya kila tangi dogo. Akawaomba wasichana wasivute vyoo kwa nusu saa. Kisha akatazama ndani ya mabakuli ya vyoo.

Mabakuli 5 yalikuwa na rangi ya buluu. Maana yake ni kwamba maji yanatoka katika tangi dogo na kushuka bila kuvutwa. Mvujo wa namna hii hauonekani kwa urahisi, kwa sababu maji hayamwagiki sakafuni. Yanashuka kimya kimya kwenye bomba la uchafu.

Fundi alikuta sababu tatu.

Kwanza, katika vyoo 4 raba ya chini ya tangi dogo ilikuwa imechakaa. Raba hiyo ni kizibo. Ikichakaa haizibi vizuri. Dawa yake ni kuibadili.

Pili, katika choo kimoja boya lilikuwa limetoboka. Boya ni lile dude linaloelea. Maji yakipanda, boya hupanda na kufunga koki. Boya lililotoboka hujaa maji na kuzama. Koki haifungi tena. Maji huingia bila kukoma na kutokea kwenye bomba la ziada. Choo hicho kimoja kilipoteza maji mengi kuliko vingine vyote. Dawa yake ni boya jipya.

Tatu, mabomba mawili ya kunawia yalikuwa yakidondosha. Wasichana walikuwa wakiyakaza kwa nguvu, na kwa kuyakaza waliziharibu zaidi washa zake. Fundi alibadili washa. Aliweka kikombe cha nusu lita chini ya bomba moja kabla ya kulitengeneza. Kikombe kilijaa kwa saa moja. Nusu lita kwa saa ni lita 12 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 4,380. Hilo ni tone, nalo ni bomba moja tu!

Baada ya matengenezo walipima tena usiku. Safari hii maji yalipungua sentimeta 2 kwa saa 6. Hizo ni lita 80. Kwa siku ni lita 320, yaani ndoo 16. Fundi hakusema kazi imekwisha. Alisema, "Bado kuna mahali panavuja, labda chini ya ardhi." Wakapanga kufukua bomba Jumamosi inayofuata. Vijana wawili waliotaka kulikata bomba ndio walioitwa kuchimba.

Ndoo zilizookolewa zilikuwa 240 − 16 = 224 kila siku. Maji hayo yaliteremka kijijini. Foleni haikwisha, kwa maana chemchemi ya kiangazi bado ni ndogo. Lakini safari ya kwenda mtoni usiku ilikoma.

7. KUPUNGUZA MAJI YA KUVUTA

Kuziba mvujo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kupunguza maji ya kila mvuto. Ziko njia kadhaa.

(a) Chupa ndani ya tangi dogo. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja. Ijaze maji na mchanga kidogo, uifunge vizuri. Iweke ndani ya tangi dogo, mbali na boya. Kila mvuto utapungua lita moja. Kwa wasichana 120 wanaovuta mara 3, hizo ni lita 360 kwa siku, yaani ndoo 18. Usitumie tofali. Tofali humomonyoka, na vipande vyake huharibu raba. Tena angalia: kama baada ya kuweka chupa watu wanalazimika kuvuta mara mbili, iondoe. Hapo huokoi kitu.

(b) Kushusha boya. Kama maji yanapanda mpaka yanatokea kwenye bomba la ziada, boya limekaa juu mno. Fundi hulishusha kidogo. Maji yasimame chini ya mdomo wa bomba la ziada, kama upana wa vidole viwili.

(c) Tangi lenye vitufe viwili. Kitufe kidogo hutoa kama lita 3 kwa haja ndogo. Kitufe kikubwa hutoa kama lita 6 kwa haja kubwa. Tuseme msichana kwa siku anabonyeza kikubwa mara 1 na kidogo mara 2. Jumla ni lita 12. Kwa wasichana 120 ni lita 1,440 badala ya 3,240. Zinaokolewa lita 1,800, yaani ndoo 90. Unapojenga jengo jipya, uliza matangi ya namna hii. Kubadili ya zamani ni gharama, hivyo anza na vyoo vinavyotumika sana.

(d) Choo cha kumwagia maji kwa kopo. Choo hiki hakina tangi la juu. Mtu huchota maji katika pipa na kumwaga. Lita 2 au 3 hutosha katika choo kilichojengwa vizuri. Hakina raba wala boya la kuharibika. Kwa shule nyingi za vijijini ndicho choo kinachofaa zaidi.

(e) Vyoo vya wavulana vya haja ndogo. Katika majengo mengine kuna tangi linalojimwaga lenyewe kila baada ya dakika kadhaa, mtu awepo au asiwepo. Tuseme tangi la lita 9 linajimwaga mara 3 kwa saa. Hizo ni lita 27 kwa saa, na lita 648 kwa siku. Likifungwa saa 8 za usiku tu, zinaokolewa lita 216. Wakati wa likizo lifungwe kabisa.

(f) Maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuoga na kufulia yanaweza kukusanywa katika pipa na kumwagiwa chooni. Yamwage moja kwa moja katika bakuli la choo. Usiyatie katika tangi dogo la juu, maana sabuni na nyuzi za nguo huziba koki. Pipa liwe na mfuniko, mbu wasizae humo.

8. MAKOSA YA KUEPUKA

Kuokoa maji si kupunguza usafi. Mwaka 1973 nchi nzima ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza radio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Wazee wengi wanaikumbuka. Tusiirudishe nyuma kazi ile kwa kisingizio cha kubana maji. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi. Ugonjwa huo hupenda mahali penye kinyesi kisichohifadhiwa na mikono isiyonawiwa.

Kwa hiyo tusifanye makosa haya:

Kosa la kwanza ni kufunga vyoo. Mwongozo wa shule nchini Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Choo kilichofungwa kwa kufuli si choo.

Kosa la pili ni kuondoa maji ya kunawa. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Kama bomba ni la kufungua, mtu alifunge wakati anapopaka sabuni. Mahali pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Dumu dogo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia hutoa maji kidogo kidogo, na mkono haugusi kitu.

Kosa la tatu ni kumwaga maji machache mno kwenye haja kubwa. Uchafu hukwama katika bomba. Kulizibua kutakula maji mengi kuliko yale uliyookoa.

Kosa la nne ni kuwalaumu watumiaji kabla ya kupima. Pima kwanza, kisha sema.

9. WENGINE WAMEFANYA NINI

Shida hii haiko kwetu peke yetu. Hata miji mikubwa imekumbwa nayo.

Mwezi wa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua sana kwa ukame, na wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgawo. Mtu wa ghorofani akajifunza kubeba ndoo kama mtu wa kijijini.

Huko Afrika Kusini, jiji la Cape Town lilikaribia kuishiwa maji mwaka 2018. Kuanzia mwezi wa Februari mwaka huo kila mtu aliambiwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku, kwa kila kitu. Watu waliombwa wasivute choo kwa haja ndogo peke yake. Wengi walisimama ndani ya beseni wakati wa kuoga, wakatumia maji yale chooni. Jiji halikufikia siku ya kufunga mabomba. Mvua zilirudi, lakini watu walikuwa wamekwisha kupunguza matumizi yao sana.

Tangi lenye mivuto miwili lilianza kutengenezwa kwa wingi Australia kuanzia mwaka 1980. Australia ni nchi yenye ukame mwingi. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1992 iliagiza kwamba vyoo vipya vya majumbani visitumie zaidi ya lita 6 kwa mvuto. Kabla ya hapo vyoo vingi vilitumia lita 13 au zaidi.

Kumbe nchi zenye fedha nazo zinahesabu maji ya choo. Sisi tunaoyabeba kichwani tuna sababu kubwa zaidi.

10. KAZI YA KILA MMOJA

Mwanafunzi: Ukiona koki inavuja, sema siku hiyo hiyo. Usiikaze kwa nguvu.

Mama mlezi au baba mlezi: Sikiliza vyoo usiku. Jengo likilala, choo nacho kinyamaze. Kikiendelea kusema, kuna ugonjwa.

Mkuu wa shule au wa hospitali: Weka daftari la maji. Pima usiku mmoja kila mwezi, uandike. Weka akiba ya raba, washa na boya. Ni vitu vidogo, lakini visipokuwapo hata fundi hodari hawezi kitu.

Fundi: Wafundishe wengine. Kazi ya kubadili washa inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyeonyeshwa mara moja. Kumbuka kufunga koki kuu kwanza.

Kamati ya maji ya kijiji: Nendeni mkazungumze. Msikate bomba. Ombeni kupima pamoja na wenye jengo.

Katika mfano wetu, bibi yule hakuwa fundi. Hakujua jina la koki hata moja. Lakini alijua kuhesabu ndoo, na alisikia sauti ambayo wengine walikwisha kuizoea. Aliuliza swali moja tu: "Umeyapima?"

Haba na haba hujaza kibaba. Na tone kwa tone humaliza tangi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mserereko: kushuka kwa maji yenyewe kutoka juu kwenda chini.
Boya: kitu kinachoelea na kufunga koki maji yanapojaa.
Raba: kizibo laini kinachozuia maji yasitoke katika tangi dogo la choo.
Washa: kipande kidogo cha duara ndani ya bomba, kinachozuia maji yasidondoke.
Bomba la ziada: bomba linalopitisha maji yanapozidi katika tangi.
Mvujo: maji yanayotoka mahali yasipotakiwa kutoka.

MASWALI

1. Kwa nini mvujo wa tangi dogo la choo hauonekani kwa urahisi?
2. Kwa nini fundi alifunga koki ya kuingiza maji kabla ya kupima?
3. Kwa nini alijaza ndoo na kuziweka chooni jioni ile?
4. Taja mambo mawili mabaya ambayo yangetokea kama vyoo vingefungwa.
5. Kwa nini hatutumii tofali ndani ya tangi dogo?

HESABU

1. Kikombe cha nusu lita kinajaa kwa saa mbili chini ya bomba linalodondosha. Ni lita ngapi zinapotea kwa siku? (Jibu: lita 6.)
2. Hospitali ina watu 80. Kila mmoja anavuta choo mara 3 kwa siku, kila mara lita 9. Jumla ni lita ngapi? (Jibu: lita 2,160.)
3. Kama hospitali hiyo itatumia vyoo vya kumwagia lita 3 kila mara, zitaokolewa lita ngapi kwa siku? Ni ndoo ngapi za lita 20? (Jibu: lita 1,440. Ndoo 72.)

KAZI YA KIKUNDI

Tembeleeni jengo moja la umma lililo karibu nanyi: shule, zahanati au ofisi ya kata. Ombeni ruhusa kwanza. Hesabuni mabomba yote na vyoo vyote. Andikeni vingapi vinavuja. Pimeni mvujo mmoja kwa kikombe na saa. Rudini darasani, mfanye hesabu ya siku moja, kisha ya mwaka mmoja. Chagueni mtu mmoja awasomee wenye jengo matokeo hayo, kwa adabu.